Kufundisha aina za vitabu katika shule ya msingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa shule za msingi, wanaosimamia maktaba za shule, na wazazi wanaotaka kujua mtoto asomeshwe nini zaidi ya kitabu cha kiada. Majibu yametoka darasani, hasa upande wa Tanzania. Mwalimu wa Kenya akikuta "darasa la nne" asome "Gredi ya 4" na kuendelea.

Wanafunzi wangu bado wanasoma kwa kusuasua. Nihangaike na aina za vitabu kwa nini?

Kwa sababu sehemu ya kusuasua huko inatokana na kutojua kitabu kinasomwaje. Katika shule nyingi vitabu ni vya aina mbili tu: vya kiada na "vya hadithi". Kitabu cha nyoka ni cha hadithi. Maisha ya Mwalimu Nyerere, hadithi. Mashairi, hadithi vilevile. Basi mtoto anavisoma vyote kwa namna moja: anaanza ukurasa wa kwanza, anakwenda neno kwa neno, na akifika mwisho anatafuta "funzo" kwa kuwa anajua mwalimu ataliuliza. Mpe kitabu cha wadudu wa shambani. Atakwama ukurasa wa tatu na kukirudisha, akidhani kimemshinda. Hakijamshinda. Hakuna aliyemwambia kwamba kile unaruhusiwa kufungua katikati, ukaangalia picha ya nzige, ukasoma maelezo yaliyo chini yake na kukifunga.

Anayejua aina ya kitabu anajua aanzie wapi, akiamini kwa kiasi gani, na ategemee nini mwishoni. Haya ni sehemu ya kusoma, si pambo la kuongezwa mtoto akishaweza kusoma.

Nianze darasa la ngapi?

Awali, kwa mdomo. Mtoto wa miaka mitano anayejibu "tega" ukisema "kitendawili" ameshajua kwamba kuna aina ya maneno yenye kanuni zake, na kwamba kanuni hizo si za hadithi. Darasa la kwanza na la pili, ambako kazi kubwa ni KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), usitaje istilahi yoyote. Soma kwa sauti vitabu vya namna mbalimbali na uwaache wazoee tofauti. Majina ya aina yaanze darasa la tatu, na uchambuzi wa maana darasa la tano.

Nianze na aina zipi?

Anza na mafungu mawili: kilichobuniwa na cha kweli. Usiguse kingine mpaka haya yakae.

Tandika mkeka au sogeza madawati, mwaga vitabu vyote ulivyonavyo, hata kama ni ishirini na vingine havina jalada. Kila kikundi kichukue vitano na kuvigawa. Sheria ni moja: hakuna kuweka kitabu kwenye fungu bila kuonyesha sababu ndani ya kitabu. Mtoto akisema "hiki cha kubuni", wewe uliza: "Umejuaje? Nionyeshe." Atakuonyesha sungura aliyevaa kofia. Mwingine ataonyesha "Hapo zamani za kale". Wa fungu la pili ataonyesha ramani, picha halisi, au orodha ya maneno nyuma ya kitabu. Swali hilo la "nionyeshe" ndilo somo lenyewe. Mengine yote kwenye ukurasa huu ni matawi yake.

Mafungu mawili yakishaeleweka, fungu la kubuni ligawe: ngano na ndugu zake, hadithi za maisha ya sasa (watoto wa shule, familia, urafiki), mashairi, tamthilia. Fungu la kweli nalo: vitabu vya maarifa, wasifu, na vya marejeo kama kamusi na atlasi. Kwa shule ya msingi hayo yanatosha. Walimu wengine hupenda kuongeza hadithi za kipelelezi na za kisayansi. Kama vitabu hivyo vipo kwenye rafu, vizuri, ongeza. Kama havipo, usifundishe majina ya vitu ambavyo mtoto hatavishika mkononi.

Mashairi yatakuletea ubishi, kwa kuwa shairi linaweza kuzungumzia jambo la kweli. Mimi huyaweka kwenye rafu yake peke yake na kusonga mbele.

Kuna somo moja ambalo linaonyesha tofauti ya kubuni na kweli kwa haraka?

Lipo, na mhusika wake ni fisi.

Siku ya kwanza simulia au soma ngano ya Fisi. Ile ya njia panda inafaa: amesikia harufu ya nyama huku na huku, akashindwa kuchagua, akapeleka miguu pande zote mbili mpaka akapasuka. Darasa litacheka, maana fisi huyu wanamjua tangu nyumbani: mlafi, mjinga, mwoga, mla mizoga.

Siku ya pili leta maandishi ya maarifa kuhusu fisi madoa. Kama huna kitabu, andika aya moja ubaoni. Fisi madoa huwinda. Katika maeneo kama Ngorongoro sehemu kubwa ya chakula chao wanaiua wenyewe, nyumbu na pundamilia, na mara nyingine simba ndiye anayekuja kuwapora. Jike ni mkubwa kuliko dume, na majike ndio wanaotawala kundi. Taya zao zinavunja mifupa, na kwa sababu ya kalsiamu ya mifupa hiyo kinyesi chao kikikauka huwa cheupe. (Hilo la kinyesi usiliache. Wanafunzi wanaweza kusahau kila kitu lakini si hilo.)

Sasa chora jedwali kwenye manila: upande mmoja "Fisi wa ngano", upande wa pili "Fisi wa mbugani". Wajaze wenyewe. Halafu uliza maswali mawili. La kwanza: mwandishi wa kila maandishi alitaka nini kwako? La pili: ukitaka kufuga mbuzi karibu na pori, utasoma kipi? Na ukitaka kumwambia mdogo wako aache ulafi bila kumtukana? Hapo ndipo wanapoona kwamba hakuna maandishi yaliyoyashinda mengine. Kila moja lina kazi yake.

Kwa walio karibu na ziwa au mto mkubwa, mamba anafaa vilevile: katika ngano ni mnyama wa hila, na katika kitabu cha maarifa ni mama anayebeba watoto wake mdomoni kwa uangalifu kuwapeleka majini.

Baada ya somo hilo mtoto aliuliza: "Kwa hiyo babu alitudanganya?" Nimjibu nini?

Mrudishe kwenye mwanzo wa hadithi. Mtambaji husema "Hadithi, hadithi!" na wasikilizaji hujibu "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Wamekubaliana kabla ya neno la kwanza kwamba kinachokuja ni cha kubuni, na wameomba kiwe kitamu. Anayedanganya huficha kwamba anabuni, babu alitangaza.

Vitabu vina matangazo yao pia: "Paukwa, pakawa", mchoro wa jalada, maelezo ya nyuma, neno "riwaya" au "hadithi" chini ya jina. Wafundishe watoto kuyatafuta. Somo hili litawafaa nje ya vitabu, kwa sababu simu zimejaa masimulizi ambayo hayatangazi kwamba yamebuniwa.

Jibu hilohilo linamfaa mzazi anayekuja shuleni na malalamiko kwamba kitabu kina majini au wanyama wanaosema, na kwamba dini hairuhusu uongo. Msikilize, kisha mkumbushe hadithi alizosimuliwa yeye na bibi yake. Wengi hucheka na mambo yakaisha. Asipocheka, mpe mtoto kitabu kingine. Huna haja ya kushinda kesi hiyo.

Ngano, hekaya, visasili, visakale, khurafa: watoto wayajue yote?

Darasa la tatu na la nne, "ngano" inatosha kwa zote. Darasa la tano na la sita unaweza kuzitenganisha, lakini kwa mifano kwanza na fasili baadaye.

Khurafa ndiyo rahisi: wahusika ni wanyama wanaotenda kama watu. Hekaya ni ya mtu mjanja anayewazidi wengine akili, na Abunuwasi ndiye mfalme wake. Waambie pia kwamba jina hilo limetokana na mshairi aliyeishi kweli, Abu Nuwas wa Baghdad, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Kisasili kinaeleza asili ya watu au ya mambo makubwa: Gikuyu na Mumbi na mabinti zao, au ule ujumbe wa uzima wa milele ambao kinyonga alichelewa kuufikisha, ndiyo maana watu wanakufa. Jamii nyingi za Kibantu zina toleo lake la kisa hicho cha kinyonga. Mwagize kila mtoto akaulize nyumbani kwao kinasimuliwaje. Kesho yake utakuwa na somo bila kununua kitu.

Kisakale ndicho kinachohitaji muda. Ni masimulizi ya shujaa ambaye jamii inasema aliishi, ila matendo yake yamepita kimo cha binadamu. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini hauawi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Hata baada ya kufa anabaki amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji. Lwanda Magere wa Waluo nguvu zake ziko kwenye kivuli. Wanafunzi watauliza: kweli au si kweli? Usikimbilie kujibu. Chora mstari ubaoni, mwisho mmoja "kilichobuniwa", mwisho mwingine "cha kweli", na wabishane Liyongo akae wapi. Huenda mtu wa jina hilo alikuwepo kweli. Lakini mwili usiopenyeka kwa mkuki ni kazi ya wasimulizi. Mtoto akishaona kwamba kitu kinaweza kukaa katikati ya mstari, ameelewa kisakale kuliko aliyekariri fasili yake.

Aina ndogondogo zaidi ya hizo ziachie sekondari. Huko vitabu vyenyewe havikubaliani mipaka yake.

Na kitabu kinachomhusu mtu wa historia lakini kimebuniwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Mfano mzuri ni Kinjeketile Ngwale, kiongozi aliyewapa watu imani ya maji wakati wa vita vya Majimaji, akanyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Huyo yumo kwenye vitabu vya historia. Mwaka 1969 ikachapishwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, na mwandishi mwenyewe akatahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Tamthilia ile ni ya wakubwa, usiwape darasa la tano waisome. Lakini kuwaambia kwamba mwandishi alitoa tahadhari hiyo kunatosha kuwafungua macho: jina la kweli juu ya jalada halifanyi kila kilichomo kiwe kimetokea.

Wasifu na tawasifu nizitenganisheje bila kuwachanganya?

Mifano iko kwa mtu mmoja. Shaaban Robert aliandika maisha yake mwenyewe katika *Maisha Yangu*, hiyo ni tawasifu. Akaandika pia *Wasifu wa Siti binti Saad*, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar ambaye sauti yake ilinaswa kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928. Huo ni wasifu.

Zoezi lake ni hili: kila mtoto aandike ukurasa mmoja kuhusu maisha yake. Kisha amhoji jirani yake wa dawati na kuandika ukurasa mmoja kumhusu. Kisha kila mmoja asome alichoandikiwa. Kelele zitaanza: "Mimi sikusema hivyo!" "Mbona umeacha nilipopata zawadi?" Waache wabishane kidogo. Wanagundua wenyewe kwamba mwandishi wa wasifu anachagua, na kwamba mwandishi wa tawasifu naye anachagua, tena anajipendelea.

Mizani na vina vifundishwe shule ya msingi?

Ndiyo, kwa kupiga makofi. Andika ubeti mfupi wa utenzi ubaoni, mizani minane kila mshororo. Huu hapa, utumie kama huna mwingine:

Kitabu ki mkononi,
nakisoma kivulini,
Sungura yu safarini,
Fisi amemngojea.

Wapige kofi moja kwa kila silabi. Watakosea kwenye "mkononi", kwa sababu ile *m* inasimama peke yake kama silabi na inahesabiwa. Na kwenye "amemngojea" watakosea tena. Wakishalipata hilo, waulize sauti gani inajirudia mwishoni, na kwa nini mshororo wa mwisho umebadilika. Kwa shairi la kawaida la mishororo minne, mizani ni kumi na sita, nane kwa nane, na kuna vina vya kati na vya mwisho. Mashairi ya namna hiyo darasa la nne wayaimbe tu. Kuhesabu kuje baadaye.

Kosa linaloharibu ni kuwaambia kwamba pasipo vina si shairi. Mashairi huru yapo, na kwa mtoto anayeanza kuandika ndiyo yanayompa nafasi ya kusema kitu.

Nikisema "tamthilia" wanafikiri ya kwenye televisheni.

Tumia hilohilo. Waulize zile za Kituruki na Kikorea wanazoangalia jioni: waigizaji walijuaje la kusema? Mtu aliandika. Waonyeshe ukurasa wa tamthilia, majina ya wahusika pembeni, maneno yao, na maelekezo ya jukwaani kwenye mabano. Wape ukurasa mmoja waucheze mbele ya darasa. Kisha wachukue ngano ya Fisi na kuigeuza mazungumzo. Watashangaa kwamba msimulizi ametoweka na kila kitu lazima kisemwe au kitendwe.

Vitabu vya maarifa nivifundisheje? Wanafunzi wanavikwepa.

Wanavikwepa kwa sababu tunawasomesha kama hadithi. Cheza mchezo wa kutafuta. Wape kitabu na swali moja, mfano "Nyuki hukaa wapi?", na kataza kusoma kitabu chote. Wapitie yaliyomo, faharasa (ile orodha ya maneno na kurasa zake nyuma ya kitabu), vichwa vidogo, picha. Wa kwanza kuonyesha ukurasa aeleze alipitia njia gani. Fanya hivyo kila wiki na baada ya muda watakuwa wanafungua faharasa bila kuambiwa.

Wafundishe pia kutazama mwaka wa kuchapishwa. Kitabu cha ngano cha mwaka 1975 hakijapungua utamu. Atlasi ya mwaka 1975 itakuonyesha nchi iitwayo Zaire, na Sudan Kusini hutaiona.

Vitabu vya katuni ni aina ipi?

Katuni ni umbo. Ndani yake kunaweza kuwa na hadithi ya kubuni, wasifu au somo la afya. Iweke kwenye fungu la kilichomo ndani, na usimkataze mtoto kuisoma.

Shule yetu haina vitabu vya ziada kabisa.

Fungua kitabu cha kiada cha Kiswahili. Ndani yake mna ngano, shairi, mazungumzo, barua, habari, wakati mwingine maelezo ya kutengeneza kitu. Wanafunzi watembee kwenye kitabu kizima wakiandika kila somo ni la aina gani. Kitabu cha Sayansi kiwe mfano wa maarifa. Gazeti la wiki iliyopita nalo ni mali: taarifa, maoni, tangazo, katuni.

Ukiwa na simu janja, African Storybook wana hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili, na leseni yao inaruhusu kupakua, kuchapa na hata kutafsiri bila malipo. Nyingi ni za kubuni, kwa hiyo fungu la maarifa bado utalitafutia kwingine. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nayo ina vya Kiswahili, ila hariri kwanza. Baadhi ya tafsiri zinahitaji jicho la mwalimu.

Na watoto watengeneze vyao. Karatasi nne zilizokunjwa katikati, uzi na sindano, jalada la boksi. Kila kikundi kipewe aina yake: ninyi ngano, ninyi mashairi, ninyi kitabu cha maarifa kuhusu miti ya shuleni chenye yaliyomo na faharasa. Katika darasa la wanafunzi themanini hiyo ni maktaba ndogo kufikia mwisho wa muhula. Hakuna anayeelewa faharasa kama mtoto aliyelazimika kuitengeneza.

Tumeletewa maboksi ya vitabu vya msaada kutoka nje. Tuviweke vyote kwenye rafu?

Hapana. Vikague kwanza, kimoja kimoja. Baadhi ni vya thamani kubwa, hasa vya maarifa vyenye picha nzuri za wanyama na mwili wa binadamu. Picha hazihitaji tafsiri. Vingine ni vitabu vya mitihani ya nchi nyingine, au juzuu ya tatu isiyo na ya kwanza. Kumbuka pia kwamba Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada kwa sababu ya maudhui, kwa hiyo jukumu la kukagua si la kinadharia. Kenya wanayo orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi yao ya mitaala, anzia hapo. Kukataa boksi la msaada kunaonekana utovu wa adabu, lakini rafu iliyojaa vitabu visivyosomeka inamfundisha mtoto kwamba vitabu si vyake.

Nipangeje rafu? Nitumie Dewey, ule mfumo wa namba wa maktaba?

Kwa rafu ya darasani, rangi zinatosha: ukanda wa karatasi ya rangi mgongoni mwa kitabu, njano kwa ngano, kijani kwa maarifa na kadhalika, na orodha ya rangi ukutani. Ongeza alama kwenye kila rangi, duara, pembetatu, nyota, maana huenda una mtoto asiyetofautisha nyekundu na kijani na hajui. Huna rafu? Maboksi ya sabuni yamelazwa ubavu yanafanya kazi.

Mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, waonjeshe darasa la sita kabla hujawapeleka maktaba ya mkoa au Maktaba Kuu. Waambie tu kwamba namba zinakwenda kwa mada, na kwamba 590 ni wanyama. Watashangaa kukuta fasihi iko 800 huku ngano ziko 398, pamoja na mila na desturi. Sababu ni kwamba mfumo ule unaziona ngano kama mali ya jamii kuliko kazi ya mwandishi mmoja. Wakiona si sawa, waambie watoe hoja.

Mwanafunzi wangu anasoma ngano tu, hataki kingine.

Mwache asome. Anayesoma anasoma. Ukitaka kumvuta, mpe kitabu cha jirani: aliyependa Fisi apewe cha wanyama, aliyependa Abunuwasi apewe vitendawili. Kulazimisha "kila mwezi aina mpya" nimeona kunazaa daftari lililojazwa kwa kunakili majina ya vitabu.

Nitapimaje bila kuuliza "ngano ni nini"?

Mpe kitabu asichokijua na dakika tano. Aseme ni cha aina gani, na aonyeshe dalili mbili ndani yake. Kwa darasa la sita ongeza: "Ungekisomaje, na kwa sababu gani ungekichukua?" Unaweza pia kuwapa aya mbili zinazohusu kitu kimoja, mvua kwa mfano, moja ya ngano na nyingine ya maarifa, wazitambue. Jibu lenye ushahidi lipate alama hata kama jina la aina limekosewa. Jina sahihi lisilo na ushahidi nusu ya alama, na hapo umekuwa mkarimu.

Wawili wamekipanga kitabu kimoja kwenye mafungu tofauti na wote wana ushahidi. Nani sahihi?

Wote. Tengeneza kadi mbili, kitabu kiandikwe pande zote mbili, na wao waamue kilale wapi.

Tunaishi Ulaya na mtoto anasoma shule ya huko. Aina za vitabu ameshafundishwa kwa lugha nyingine. Kiswahili kifanye nini?

Kimpe ambacho shule yake haina. Bibi arekodi ngano kwa WhatsApp, na mtoto aitikie mwanzo wake ipasavyo. Vitendawili vya kutega na kutegua mezani. Ubeti wa kupiga makofi. Istilahi atazipachika mwenyewe, kwa kuwa dhana anayo.

Vitabu vinachanika haraka mno.

Jalada la plastiki au gazeti siku kinapoingia, kabla hakijasomwa. Mgongo ukilegea, shona kwa uzi mnene na sindano ya gunia, matundu matatu yanatosha, kisha paka gundi. Gundi ya unga uliopikwa inashika vizuri, lakini mende na panya wanaipenda, kwa hiyo ikikauka maboksi yasilale sakafuni. Chagua wanafunzi wawili wa zamu ya ukarabati kila Ijumaa. Hao ndio watakaokuwa wakali kwa wenzao wanaokunja kurasa.